Chanzo: Nyumba Namba 2

Jumatatu, Machi 10

Nimeanza kazi. Ofisi iko Ruiru mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Tunasimamia ploti, yaani nyumba za kupangisha, za watu ambao hawataki kusumbuliwa na wapangaji wao. Bwana Kagwe, mwenye ofisi, amenionyesha meza yangu na kuniambia kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya kunitazama. "Nikiona unafaa, Waruguru, utabaki." Nimesema ndiyo mara nne kabla hajamaliza.

Kazi ya kwanza ni kitabu cha malalamiko. Cha zamani kiliandikwa kwa Kiingereza, na Mzee Mugo, mwenye ploti kubwa ya Mwihoko, amesema keateka wake, anayeitunza ploti hiyo, hakielewi. Nimechora safu tano kwa rula: Tarehe, Ploti, Tatizo, Chanzo, Hatua. Safu ya nne imenisumbua. Kile cha zamani kilikuwa na neno moja tu, source, la kuonyesha habari imetoka kwa nani. Nimefungua kamusi niliyotoka nayo chuoni, nikachagua Chanzo. Ni neno fupi na linaenea kwenye safu.

Jumatano, Machi 12

Lalamiko la kwanza. Mwihoko, nyumba namba 14: choo kinapiga kelele ya maji mchana kutwa. Chanzo: nyumba 14. Bwana Kagwe amenituma na fundi ili nijifunze.

Fundi anaitwa Makau, mtu wa makamo, mfupi, anayevaa gambuti hata jua likiwaka. Alimwomba mpangaji kijiko cha kahawa. Nilidhani anataka kunywa. Akaimwaga ndani ya tangi la choo, akafunika, akasema mtu asiflashi. Baada ya dakika kumi maji ya bakuli yalikuwa ya kahawia.

"Umeona? Maji yanapita chini bila kuitwa. Mpira wa chini umeisha."

"Na kama yangebaki meupe?"

"Basi ningetafuta juu, kwa boya. Choo ni vitu vitatu tu, karani. Maji kuingia, maji kukaa, maji kwenda. Ukijua ni gani imekataa, hata wewe na hayo makucha utatengeneza."

Nilificha kucha zangu.

Ijumaa, Machi 14

Hakuna lolote. Nimepanga faili kwa alfabeti.

Jumatano, Machi 19

Mvua ya kwanza, saa saba mchana. Saa nane ikapigwa simu kutoka Mwihoko, nyumba namba 2. Mwanamke mwenye sauti ya chini. "Choo kimejaa, madam. Maji yamepanda hadi juu kabisa."

Nimeandika: choo kimeziba. Chanzo: nyumba 2.

Alhamisi, Machi 20

Ploti ina ghorofa mbili juu ya zile nyumba za chini, na nyumba namba 2 iko nyuma kabisa, mahali ambapo uwanja unateremka. Anaishi hapo Nekoye, anayeshona katika kiwanda cha nguo, pamoja na mama yake ambaye upande mmoja wa mwili ulikufa mwaka jana. Nekoye alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kutungoja.

Bedan, yule keateka, alitupokea langoni. "Niaje, karani. Ni hiyo nyumba ya mgonjwa, siyo? Nilijua tu."

Makau alisukuma pampu yake ya mpira mara ishirini. Haikutoka nguo, wala karatasi, wala kitu chochote. Akaflashi, maji yakaenda vizuri. Akaflashi tena, yakaenda. Alisimama akikuna kidevu.

"Kingekuwa kimeziba hapa kwa shingo, pampu ingetoa kitu. Hiki kinapumua vizuri kuliko mimi. Bedan, menholi ya huku nyuma, lile shimo la kuingilia laini ya choo, iko wapi?"

"Ilifunikwa na simiti wakati wa kusakafia uwanja. Tuivunje ndiyo ufurahi?"

Nekoye aliniuliza jina langu na maana yake. Nikamwambia ni la mtu wa upande wa magharibi.

"Basi wewe ni wa kwetu Magharibi," akasema. Mama yake akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Jioni nilifika kwenye safu ya Hatua na sikujua la kuandika. Hakuna kilichofanywa. Lakini safu haiwezi kubaki wazi, na Bwana Kagwe hukagua. Nimeandika: kimezibuliwa.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Nyumba 2. Kimezibuliwa.

Jumatatu, Machi 31

Mvua. Nyumba 2. Makau hakupatikana, lakini Bedan amesema maji yameshuka yenyewe. Kimezibuliwa.

Alhamisi, Aprili 3

Nyumba 9, boya limekwama, tangi linafurika. Makau amelipinda kidogo kwa mkono, basi. Nyumba 2 tena, alasiri.

Jumatano, Aprili 9

Mvua mara mbili tangu Alhamisi, nyumba 2 mara mbili, kimezibuliwa mara mbili. Bwana Kagwe alichukua kitabu akakisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka kwenye ukurasa. "Nyumba 2. Nyumba 2. Nyumba 2. Huyu ni nani?" Nikaeleza. Akaniuliza kama wanatupa pedi za mgonjwa chooni. Nikasema sijui. "Usiniambie sijui, Waruguru. Karani anajua."

Nimeanza kumwona Nekoye kama mtu anayenitafutia matatizo. Najua si vizuri, lakini ndivyo ninavyohisi simu ikilia.

Jumatatu, Aprili 14

Nimeenda na Bedan kumuuliza. Nekoye alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo tulimkuta nyumbani, macho mekundu. Hakukasirika. Alisema pedi za mama hufungwa kwenye mfuko mweusi unaotundikwa msumarini, na watu wa taka huchukua kila Alhamisi.

"Chooni hazijawahi kuingia hata moja. Mnajua mgonjwa akikosa choo anakuwa nini? Mimi ndiye wa kwanza kutaka hiki choo kiwe kizima."

Nje, Bedan alicheka. "Ameongea kama wakili. Wee, mtu atakubali kosa lake?"

Nyumba ilikuwa inanuka dawa ya kuoshea. Niliwaza: anayesafisha hivi ana la kuficha. Nimeona niandike wazo hilo hapa kama lilivyonijia.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Mvua Jumanne na jana, nyumba 2 siku zote mbili, kimezibuliwa. Leo kanisa, kisha mvua tangu saa sita. Nimezima simu. Barabara ya kwetu Murera imekuwa tope hadi kwenye fundo la mguu.

Jumatano, Aprili 23

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne kasorobo ikapigwa simu. Namba ilikuwa ya Nekoye, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, maneno yakitoka kama yanavutwa kwa kamba.

"Mwana wa ofisi. Maji yamekuja."

Alikuwa mama yake. Nekoye alikuwa amerudishwa zamu ya mchana na kumwachia simu yake kwa dharura. Nilimpigia Makau, hapatikani. Bwana Kagwe alikuwa mahakamani. Nilifunga ofisi. Sijawahi kufunga ofisi bila ruhusa, na njiani kote niliwaza juu ya hilo zaidi kuliko nilivyomwaza mgonjwa.

Mlango wa nyumba namba 2 ulikuwa umeegeshwa. Maji ya kahawia yalikuwa yametoka chooni, yakapita chini ya pazia na kuenea sakafu nzima. Viatu vilikuwa vinaelea. Godoro dogo analolalia Nekoye sakafuni lilikuwa limelowa hadi juu. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu ameivuta juu kwa mkono wake mmoja mzima. Mapajani alikuwa ameweka vitu alivyoweza kufikia: redio, blanketi, na sare ya kazi ya binti yake iliyopigwa pasi. Mfuko mweusi ulikuwa umetundikwa msumarini juu ya kichwa chake, umefungwa vizuri, umejaa. Kesho ndiyo Alhamisi. Nilisimama nikiutazama mfuko huo kwa muda ambao haukufaa, huku mtu mzima akiwa amezungukwa na uchafu.

"Shosho, pole," nilisema, kama ninavyomwita nyanya yangu.

"Kwetu ni kukhu," akanijibu. "Usiingie. Utaharibu viatu."

Niliingia. Sikujua pa kuanzia. Nilishika ndoo na sinia, nikawa nachota na kumwaga nje, na kila nilichomwaga kilirudi. Nilimwita Bedan, akaja na ufagio akilaani. Aliponiona nimekunja sketi, naye akakunja suruali. Kwa saa nzima tulisukuma maji pamoja. Kisha mvua ikapungua, na maji ya chooni yakashuka yenyewe, yakinguruma, kama vile mtu alikuwa ameyashikilia akaachilia. Hatukuwa tumegusa kitu.

Wapangaji wawili walikuwa wamesimama barazani ghorofani wakitazama. Mmoja akasema kwa sauti ili asikike, "Mama wa choo ametuletea mafuriko tena." Kukhu alisikia. Aligeuza uso ukutani.

Nilipomaliza kumfuta miguu aliniambia polepole kwamba tangu mvua zianze hajakalia kile choo. Anaogopa maji yatapanda akiwa juu yake na hawezi kuinuka haraka. Anatumia beseni, na Nekoye humwaga akirudi. "Mtoto anatoka kazini, anakuja kumwaga mavi yangu. Nimezaa sita. Sikuwahi kuona aibu kama hii."

Nimeoga mara mbili. Bado nasikia ile harufu.

Ijumaa, Aprili 25

Mzee Mugo alipiga simu kutoka Thika, na Bwana Kagwe akaniita nichape barua. Alisimama nyuma yangu, kitabu changu mkononi, akawa ananisomea:

"Kulingana na kumbukumbu za ofisi, vyoo vya ploti vimeziba mara tisa tangu mwezi wa tatu, na mara tisa zote chanzo kimeandikwa kuwa ni nyumba namba 2. Kwa hiyo mwenye ploti anakutaka uhame ifikapo tarehe 31 Mei."

Vidole vyangu vilifika kwenye neno chanzo vikasimama.

"Umechoka?" akauliza.

"Hapana, sir."

Nilichapa. Neno langu. Mimi niliandika kwamba habari imetoka nyumba namba 2. Yeye amesoma kwamba ubaya umetoka nyumba namba 2. Mzee Mugo amesoma hivyo. Bedan amesoma hivyo tangu siku ya kwanza. Na yeyote anayejua Kiswahili angesoma hivyo, kwa sababu ndivyo linavyosomeka. Nyumba namba 2 iko chini kuliko zote, maji hutokea kwake kwanza, ndiyo maana Nekoye ndiye hupiga simu. Kila alipoomba msaada, nilimwandikia kosa. Na pale penye Hatua niliandika kimezibuliwa mara tisa, ilhali hakuna siku hata moja tulipozibua kitu.

Nilikuwa na muda wa kusema. Printa ilichelewa kuwaka, labda dakika mbili. Bwana Kagwe alikuwa akinywa chai. Nilimtazama, nikafungua mdomo, akasema, "Nini?" nikamuuliza kama nitie muhuri mmoja au miwili.

"Miwili," akasema.

Jumamosi, Aprili 26

Nimepeleka barua mwenyewe. Bedan alikuwa tayari amepata nakala kutoka kwa Mzee Mugo na ameibandika langoni, karibu na mfereji ambapo wote huchota maji.

Nekoye aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kwa utulivu, hadi chini. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Dada, hapa kwa chanzo. Nani alisema?"

Nilimwambia ni kumbukumbu za ofisi.

"Kumbukumbu huandikwa na mtu."

Aliniuliza ni nani atampokea, yeye na mgonjwa wa kuinuliwa, katika nyumba ya chini yenye choo ndani, kabla ya mwezi mmoja kwisha. Alitafuta hii kwa miezi mitano. Akasema asante kwa kuleta, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jumatatu, Aprili 28

Sijala. Nimechukua kitabu cha ofisi na daftari hili nikaviweka sambamba. Tarehe zote tisa ni siku za mvua. Hakuna siku kavu hata moja. Pedi hazingojei mvua.

Jumanne, Aprili 29

Nimemwambia Makau kila kitu, hata lile neno, nyuma ya duka anaponunulia vifaa. Hakunicheka.

"Mimi pia nina makosa," akasema. "Niliona hakijaziba, nikaenda zangu. Sasa sikiza. Choo kimoja kikikataa, shida iko kwacho. Choo cha chini kikijaa na mwenyewe hajaflashi, shida iko mbele, kwa laini kubwa ya ploti yote. Na kikijaa mvua ikinyesha tu, basi kuna mtu ameleta mvua ndani ya laini ya choo. Lakini hiyo ni maneno. Kagwe hataki maneno. Tunataka siku ambayo hiyo nyumba haina mtu na mvua inyeshe."

Nitapata wapi siku kama hiyo?

Ijumaa, Mei 2

Kukhu amelazwa hospitali, Thika. Kifua, tangu ile siku ya maji. Nekoye atalala kwa binamu yake huko huko. Amenipa ufunguo bila kuuliza maswali mengi. "Fanya unachofanya," akasema. "Mimi sina nguvu za kukuchunguza."

Jumamosi, Mei 3

Makau amefunga koki ya maji ya nyumba namba 2, amechota maji ya bakuli na kulikausha kwa tambara hadi likalia chini ya kidole. Bedan alishuhudia. Tukaweka kufuli, ufunguo nikabaki nao.

"Mnacheza," akasema Bedan, lakini hakutazama mtu usoni.

Jumapili, Mei 4

Jua. Nimeomba mvua kanisani. Mama yangu alinisikia, akashangaa.

Jumatatu, Mei 5

Jua.

Jumanne, Mei 6

Saa nane mchana mawingu yakafunga kutoka upande wa Thika. Nilimwambia Bwana Kagwe naenda kuangalia choo, jambo ambalo ni kweli. Nilifika Mwihoko mvua ikiwa imeshika. Makau alikuwa amesimama chini ya dari ya mlango akiwa na Bedan na yule mama wa ghorofani aliyesema mama wa choo. Makau ndiye aliyemwita makusudi.

Nilifungua kufuli. Tuliingia sote wanne, tukasimama mbele ya choo kikavu kama watu wanaongoja mwili utolewe mochari.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Yule mama akasema ana sufuria motoni. Kisha ikasikika sauti, kama mtu anayesukutua koo. Maji yakachungulia chini ya bakuli. Yakapanda, ya kahawia, yakizunguka polepole, na juu yake yakielea majani membamba na punje nyekundu za kutu. Makau akainama, akatoa jani moja kwa ncha ya bisibisi.

"Mgrevilea," akasema. Mti huo uko kwa jirani, matawi yake yameinamia paa letu. "Karani, andika. Uliza huyu mama wa ghorofani kama mgonjwa hula majani ya mgrevilea na kutu ya mabati."

"Haiya," akasema yule mama, kisha akaweka mkono mdomoni.

Bedan alikuwa ametoka nje. Nilimkuta amesimama mvuani bila koti.

"Hiyo paipu ya gata niliiingiza mimi," akasema. "Mwezi wa kumi na moja. Maji ya paa yalikuwa yanamwagikia watu kwa njia, Mzee akasema nitafute mahali pa kuyapeleka. Menholi ilikuwa hapo tu, wazi. Nikaingiza, nikafunika na simiti. Sikujua yatarudi. Nilipojua, nilikuwa nimeshasema ni mgonjwa."

"Kwa nini hukusema, Bedan?"

"Wewe ulisema?"

Sijui nani alimwambia kuhusu lile neno. Labda hakuna. Labda inaonekana usoni.

Alhamisi, Mei 8

Nimemwambia Bwana Kagwe. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayasoma kama mtoto anayesoma risala. Nilimweleza la paipu, kisha la safu ya nne, kisha la kimezibuliwa.

Alichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili.

"Mteja wangu ana ploti saba," akasema. "Unataka nimpigie nimwambie kosa ni gata yake?"

"Nitamwambia mimi, sir."

"Na kosa lako?"

"Na langu."

"Waruguru, umebakiza mwezi mmoja wa kutazamwa. Unajua ninachotazama?"

Nilisema ndiyo. Safari hii mara moja tu.

Jumamosi, Mei 10

Thika. Mzee Mugo ana duka la mbao, na alinipokea akiwa ameketi juu ya rundo la mbao, kofia magotini. Nilimsalimu, nikabaki nimesimama. Nilisema yote. Nilipofika kwenye neno chanzo ilibidi nimfungulie kitabu. Alikisoma kwa miwani iliyofungwa na uzi.

"Kwa hivyo mimi nimemfukuza mama mgonjwa kwa Kiswahili chako."

"Ndiyo, mzee."

"Na gata ni yangu."

Akavua miwani.

"Huyo mama ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Mimi sabini na tatu." Alifunga kitabu, akakishika kwa mikono miwili. "Paipu itakatwa Jumatatu. Abaki. Lakini sikiza, msichana. Barua ilitoka kwa jina langu. Sitaandika ingine kusema mimi nilikosea. Watu wa Mwihoko watanicheka hadi kaburini. Andika wewe kwamba ulikosea wewe. Uweke sahihi yako."

Nilitaka kusema kwamba hiyo ni nusu ya ukweli tu. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Kisha nikafikiria tarehe 31, na kitanda cha kukhu kikiwa nje, mvuani. Nikasema sawa.

Jumatatu, Mei 12

Makau amevunja simiti. Paipu ya gata ilikuwa imeingia moja kwa moja menholini, kama mkono ndani ya mfuko. Ameikata na kuielekeza kwenye mtaro wa barabarani, kisha ameziba tundu. Bedan ndiye aliyechimba mtaro mpya wa kufika huko, kutoka asubuhi hadi saa kumi, na alikataa kupokewa jembe.

Jumanne, Mei 13

Barua imenichukua siku nzima. Imekuwa na mistari sita. "Mimi, Waruguru, karani wa ofisi, niliandika vibaya katika kitabu cha malalamiko. Neno chanzo lilionyesha aliyetoa habari, si aliyesababisha tatizo. Notisi ya tarehe 25 Aprili imefutwa." Mzee Mugo ameikubali kwa simu. Baada ya kukata simu nimeongeza sentensi moja ambayo hakusomewa: "Choo cha nyumba namba 2 hakikuwa na kosa lolote, wala wanaoishi humo."

Alhamisi, Mei 15

Kukhu amerudi kutoka hospitali. Nilimpa Nekoye barua. Aliisoma mara mbili.

"Ile ya kwanza ilisomwa na ploti yote," akasema. "Walikuwa wananyanyua ndoo zao nikifika kwa mfereji. Hii nani ataisoma?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilitoka nje, nikaomba Bedan gundi. Ile ya zamani ilikuwa bado langoni, imeparara. Nilibandika yangu juu yake, yenye jina langu, na nikabaki hapo wakati wa kuchota maji, kwa sababu Nekoye alikuwa akinitazama kutoka mlangoni na kwa sababu nilijua nikiondoka haraka itakuwa ni kama sikuibandika. Watu walisoma. Mmoja akasema, "Na si ni wewe?" Nikasema ni mimi. Mwingine akaniuliza nilisoma shule gani. Walicheka. Yule mama wa ghorofani hakucheka. Alisoma hadi mwisho, akamaliza kujaza mtungi wake, akausogeza pembeni, akamwita Nekoye aje achote.

Nekoye hajanisamehe. Amesema hivyo kwa adabu: "Nimesikia. Lakini nipe siku."

Ijumaa, Mei 23

Bwana Kagwe ameniita. Nitafanya kazi hadi Juni 10, hatanipa mkataba. Hakuwa mkali. Alisema mimi ni mwaminifu, na ofisi yake inahitaji mtu ambaye wateja hawamwogopi. Sikulia hadi nilipofika kwenye ngazi. Nimekuwa nikiogopa siku hii tangu Machi 10, kila asubuhi. Leo imefika, na jioni nimekula.

Nimebadilisha kichwa cha safu ya nne. Sasa kinasema: Aliyetoa habari. Maneno hayaenei, imebidi nichore safu upya katika kurasa zote zilizobaki.

Jumamosi, Mei 31

Leo ndiyo siku ambayo wangekuwa wamehama. Sikuwa na kazi Mwihoko, lakini nilienda. Mvua ilianza saa nane, kubwa, ya mwisho labda. Nilikuta Makau tayari ameketi barazani, gambuti zimenyooshwa mbele, akijifanya alikuwa anapita. Bedan alikuwa kwenye mtaro mpya akitazama maji ya paa yakienda barabarani.

Nekoye alinifungulia. Tulisimama mbele ya choo, mimi na yeye, pazia limevutwa. Maji ya bakuli yalikuwa safi, yametulia. Juu ya paa kelele ilikuwa kubwa hata hatukuweza kuongea. Tulingoja nusu saa. Hayakusogea hata kidogo.

Nyuma yetu kukhu alisema kitu kwa Kibukusu. Nekoye akageuka haraka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema tutoke hapo, anataka kwenda."

Tulimwinua, kila mmoja upande wake. Mguu uliokufa uliburuta, mwingine ulikuwa na haraka. Tulimketisha. Nekoye akabaki ameshika bega lake, mimi nikiwa nimeshika pazia, mvua ikipiga.

"Mnangoja nini?" kukhu akauliza. "Nendeni. Funga pazia."

"Mama, ukihitaji kuinuka..."

"Nitaita."

Tulifunga pazia. Tuliketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani. Nekoye alikuwa akinong'ona, sijui ni sala au ni hesabu. Mvua iliendelea. Muda mrefu ulipita, mrefu kiasi kwamba nilianza kuinuka, naye akanishika kifundo cha mkono.

Kisha tukasikia tangi likiachilia, na maji yakienda.